Matone kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho: chupa nne siku moja, zipangweje?

binti_Kilosa

Habari zenu wakuu. Mzee ana miaka 74, amepangiwa kutolewa mtoto wa jicho la kulia Jumatano ya wiki ijayo, kwa ganzi ya jicho tu. Karatasi ya kliniki imeandikwa moksifloksasini 0.5% mara 4 kwa siku kuanzia siku 3 kabla, na nepafenaki 0.1% mara 3 kwa siku kuanzia siku 1 kabla, zote jicho la kulia. Ana glakoma pia (presha ya jicho), kwa hiyo kila siku anatumia timololi 0.5% asubuhi na jioni, na latanoprosti usiku, macho yote mawili. Anameza vidonge vya presha, na jioni tamsulosini ya tezi dume.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Jumanne chupa zote nne zinakutana. Ipi itangulie, na kati ya moja na nyingine tusubiri muda gani?
2. Mikono inatetemeka. Tone likiishia shavuni tuhesabu limeingia au turudie?
3. Nepafenaki haipo duka la dawa la hapa, wanataka kutupa ketorolaki. Ni sawa?
4. Asubuhi yenyewe ya upasuaji aweke au aache?

---

Sista_wa_Macho

Dada, tuanze na ratiba, maana hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Upasuaji ukiwa Jumatano, siku 3 kabla ni Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Jumapili na Jumatatu jicho la kulia linapata moksifloksasini pamoja na dawa zake za glakoma za siku zote. Nepafenaki inaingia Jumanne. "Mara 4" maana yake ni mara nne katika saa ambazo mtu yuko macho, hakuna haja ya kumwamsha mzee saa 8 usiku kwa ajili ya tone.

Jumanne mnaweza kwenda hivi. Saa 12 asubuhi moksifloksasini, mnasubiri dakika 5, timololi, dakika 5 nyingine, nepafenaki. Saa 6 mchana moksifloksasini, dakika 5, nepafenaki. Saa 12 jioni mnarudia ile ya asubuhi. Saa 3 usiku moksifloksasini, dakika 5, latanoprosti, kisha alale. Jicho la kushoto linapata timololi na latanoprosti peke yake, kwa saa zake zilezile.

Dakika 5 ndiyo chini kabisa, zikifika 10 ni bora zaidi. Tone moja lina mikrolita kama 30 hadi 50, na jicho lenyewe haliwezi kushika zaidi ya 30 hivi, tena humo tayari mna machozi. Kinachozidi kinamwagika shavuni au kinashuka kwenye mfereji wa machozi mpaka puani. Ukifuatisha dawa ya pili papo hapo, unaiosha ya kwanza. Ndiyo maana pia matone mawili ya dawa moja hayaongezi nguvu, yanamaliza chupa tu.

Mpangilio: zile zilizo kama maji zinatangulia, inayotakiwa kutikiswa inafuata, na kama kuna ya mafuta ya kupaka ndani ya kope inakuwa ya mwisho kabisa kwa sababu inaweka utando ambao matone hayapenyi. Nepafenaki ni ya kutikiswa. Dawa yenyewe imetuama chini ya chupa. Asiyeitikisa anajidondoshea majimaji siku za mwanzo, halafu mwishoni anapata uzito wote.

Sasa namna ya kuweka. Kama mikono inatetemeka, msimwachie aweke mwenyewe siku hizi nne. Mlalishe chali, wewe nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Vuta kope ya chini taratibu kwa kidole mpaka itengeneze kifuko. Mwambie aangalie juu, kuelekea nyuma ya kichwa chake. Shika chupa sentimita mbili hivi juu ya jicho, egemeza kiganja chako kwenye paji la uso wake ili naye akishtuka mkono wako uende naye, dondosha tone MOJA ndani ya kifuko. Usilenge katikati ya jicho. Pale kwenye kioo, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ndipo panapouma na ndipo anapofumba kwa nguvu. Akishapata, afumbe polepole bila kubana, wewe bonyeza kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika 2.

Hilo la kubonyeza kona watu hulipuuza, na kwa mzee wako ndilo la muhimu kuliko yote. Timololi ikishuka puani inaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupita ini. Inapunguza mapigo ya moyo, na kwa mwenye pumu inabana kifua. Ukibonyeza ule mfereji, dawa inabaki jichoni inakotakiwa. Na ile ladha chungu kooni ambayo wagonjwa huilalamikia nayo inapungua.

Akiwa ni mtu wa kufumba kila akiona chupa, kuna njia nyingine: akiwa amelala chali na macho yamefumbwa, weka tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha mwambie afumbue. Litaingia lenyewe. Safisha kona hiyo kwanza kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, maana tongotongo litaingia nalo.

Swali la pili: kama ameusikia ubaridi jichoni, limeingia hata kama sehemu imemwagika. Kama lote limepita shavuni, rudia. Ukiwa na shaka kwenye moksifloksasini, rudia bila wasiwasi. Kwenye timololi usirudie mpaka uwe umeona kwa macho yako kwamba limedondoka nje. Akikosa dozi, aweke akikumbuka; ikiwa imebaki saa moja tu kufikia inayofuata, aruke, asijumlishe mbili.

Ncha ya chupa isiguse kope, ngozi wala kidole. Ikigusa, vijidudu vya kwenye kope vinaingia chupani na vinarudi jichoni kila dozi, tena siku mbili kabla jicho halijafunguliwa! Usiifute kwa leso vilevile.

Asubuhi ya upasuaji: kama karatasi haikusema vingine, aweke kama kawaida moksifloksasini, nepafenaki na timololi, na ameze vidonge vya presha. Aoge, aoshe uso na nywele kwa sabuni, asipake mafuta usoni wala wanja. Chupa zote nne ziwekwe kwenye mfuko mmoja mje nazo. Kwa ganzi ya jicho hospitali nyingi zinamruhusu kula chakula chepesi, ila hilo fuateni walichowaambia wao.

Neno moja kuhusu kutofautisha chupa. Zote ni ndogo, nyeupe, na mzee haoni vizuri, ndiyo maana anapasuliwa. Funga mpira mmoja wa nywele kwenye chupa za jicho la kulia tu, na mipira miwili kwenye chupa za macho yote mawili. Anashika, anajua. Na chupa ya gundi ya supagluu ikae mbali kabisa na dawa hizi, chupa zinafanana na watu wameumia macho kwa hilo.

---

mfamasia_Ubungo

Sista amemaliza, mimi najibu namba 3 na mambo ya chupa.

Ketorolaki na nepafenaki ni ndugu, zote ni za kupunguza uvimbe zisizo na steroidi, na zote zinatumika kabla ya upasuaji huu. Lakini usibadilishe kimyakimya. Dozi si moja: ketorolaki 0.5% kwa kawaida ni mara 4 kwa siku, na inachoma zaidi ikiingia. Piga simu kliniki, wataje dawa iliyopo dukani na asilimia yake, wakukubalie na wakuandikie dozi upya. Diklofenaki 0.1% nayo wanaweza kuikubali. Kitu kimoja usifanye: kuanza ketorolaki halafu nepafenaki ikipatikana uziweke zote mbili. Dawa za kundi hili zikizidi zinachelewesha kioo cha jicho kupona, na kwa mwenye macho makavu sana au baridi yabisi ya viungo zinaweza kukitoboa kabisa.

Angalia na asilimia. Nepafenaki ipo ya 0.1%, ni mara 3 kwa siku, na ipo ya 0.3%, ni mara 1 tu. Sanduku linafanana. Muuzaji akikupa ya 0.3% na wewe ukafuata karatasi ya mara 3, umezidisha.

Mzee kama amewahi kubanwa kifua au kuvimba kwa aspirini, diklofenaki au ibuprofeni ya kumeza, waambie kabla hajagusa tone la kwanza.

Kitakachokukuta kwenye maduka mengine ni muuzaji kukupa chupa yenye antibiotiki na deksamethasoni ndani yake, akikwambia "hii inafanya kazi zote mbili". Ikatae. Deksamethasoni ni steroidi. Mwenye glakoma akiiweka bila usimamizi, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote, na akiitumia miezi inaweza kumletea mtoto wa jicho. Kuna watu wengi wenye macho ya kuwasha wanaozinunua kila mwezi bila cheti, sijui tutalikomesha lini.

Kuhusu kuhifadhi: ukishafungua chupa, andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, na baada ya siku 28 itupe hata kama imejaa. Latanoprosti ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8; ikishafunguliwa inakaa nje isipozidi nyuzi 25. Moksifloksasini na nepafenaki hazihitaji friji, ila Kilosa mchana wa jua kali bati linachoma, kwa hiyo dirishani, juu ya televisheni na kwenye dashibodi ya gari hapana. Asiye na friji aweke chupa kwenye kikopo chenye kifuniko, kikae kando ya mtungi wa maji chumba chenye kivuli. Isigandishwe.

Wanaoandikiwa kloramfenikoli ya matone badala ya moksifloksasini, hiyo ndiyo inayotaka friji. Duka likiwa limeiweka rafuni juani, nenda kwingine.

Halafu hesabu ndogo. Chupa ya mililita 5 ina matone 100 au zaidi. Mara 4 kwa siku jicho moja ni matone 28 kwa wiki. Chupa ikiisha ndani ya wiki ujue robo tatu inaishia shavuni, rudi kwenye maelezo ya Sista.

---

binti_Kilosa

Asanteni sana, nimepiga kliniki, wamekubali ketorolaki na wamebadilisha dozi kama mlivyosema. Nimebaki na mawili. Tamsulosini hakuna aliyetuuliza, je, ina uhusiano? Na nimesoma kwamba kuna matone ya kupanua mboni yanayopandisha presha. Presha yake nyumbani inacheza 150/90.

---

Daktari_Lenzi

Tamsulosini ina uhusiano mkubwa, na ni vizuri umeitaja. Inalegeza msuli unaofungua mboni. Wakati wa upasuaji ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni inakuwa legelege, inapeperuka na maji yanayopita, inatoka kwenye kitundu cha kisu, na mboni inasinyaa katikati ya kazi. Madaktari Chang na Campbell ndio walioieleza hali hii mwaka 2005. Asiiache kwa sababu ya upasuaji: kuiacha siku chache, hata wiki, hakuondoi tatizo kwa uhakika, na anaweza kuziba mkojo. Kinachotakiwa ni daktari ajue mapema. Akijua anaandaa fenilefrini ya kuweka ndani ya jicho, au vindoano vya kushikilia mboni, na anapunguza kasi ya maji. Asiyejua anashtukizwa. Hata aliyeitumia zamani akaacha ataje. Piga simu tena kliniki leo, waiandike kwenye faili, na Jumatano uiseme tena kwa mdomo.

Sasa matone ya kupanua mboni. Hayo hamweki nyumbani, mtayakuta wodini kama saa moja kabla. Mara nyingi ni tropikamidi 1% pamoja na fenilefrini 2.5%, wengine huongeza siklopentoleti 1%. Yanarudiwa mara 3 hivi kwa kupishana dakika 10 hadi 15. Macho yetu meusi yana rangi nyingi, na rangi ile inashika dawa kabla haijafika kwenye msuli, kwa hiyo mboni zetu huchelewa kufunguka kuliko za macho ya bluu yaliyomo kwenye vitabu. Mwenye kisukari cha muda mrefu huchelewa zaidi. Muuguzi akiongeza tone la nne usishangae. Ukifika umechelewa dakika 40, ujue umekula muda wa dawa hizi, na mboni ndogo inafanya upasuaji uwe mgumu na wa hatari zaidi.

Inayopandisha presha ni fenilefrini, hasa ya 10%. Hiyo haifai kwa mwenye presha au ugonjwa wa moyo. Ya 2.5% kwa presha ya 150/90 iliyo kwenye dawa ni sawa kwa kawaida, na hapa pia kubonyeza kona ya jicho kunasaidia. Waambie wodini kwamba ana presha kabla tone halijaingia. Vidonge vyake vya asubuhi asiviache. Wengi hurudishwa nyumbani kwa sababu waliambiwa wasile, wakadhani na dawa wasimeze, wakafika na 190/115. Hospitali nyingi zinaahirisha ikizidi 180/110.

Nepafenaki au ketorolaki mnayoanza Jumanne nayo inahusika na mboni. Jicho likiguswa linatoa kemikali zinazoikaza, na dawa hizi zinazuia kemikali hizo zisitengenezwe. Ndiyo maana zinaanza siku moja kabla. Ukiweka tone la kwanza asubuhi mkiwa kwenye basi, umechelewa. Kazi yake ya pili inakuja baadaye: kuzuia uvimbe katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), ambao hujitokeza zaidi wiki ya 4 hadi ya 6 na kumfanya mtu aliyekuwa anaona vizuri aanze kuona ukungu tena. Wenye kisukari ndio huupata zaidi.

Kuhusu moksifloksasini ya siku 3, niseme wazi kwa wote wanaosoma. Kinachozuia maambukizi ya ndani ya jicho kwa ushahidi mzuri ni vitu viwili vinavyofanyika chumba cha upasuaji. Cha kwanza ni povidoni ya iodini 5% inayowekwa ndani ya kope na kukaa angalau dakika 3 kabla ya kukata. Cha pili ni antibiotiki inayochomwa ndani ya jicho mwishoni: utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulionyesha sefuroksimu miligramu 1 inapunguza maambukizi hayo karibu mara tano. Matone ya nyumbani ushahidi wake ni mdogo, na vituo vingi vimeacha kuyaandika. Kwa hiyo ambaye hakuandikiwa asidhani amepuuzwa, asikimbilie dukani kujinunulia. Na aliyeandikiwa ayatumie kikamilifu. Nusu dozi, mara moja leo na mara mbili kesho, inaacha vijidudu vigumu kwenye kope na kuua vilivyo dhaifu, hiyo ni mbaya kuliko kutoanza.

Iodini inachoma, ndiyo maana ganzi ya matone inatangulia. Wafanyakazi wenzangu mnaosoma: ganzi ya jeli isitangulie iodini, inafunika kope na iodini haigusi kitu. Na ile povidoni yenye sabuni ya kuoshea mikono isiingie jichoni kamwe, inaua seli za kioo. Kwa wagonjwa wa pwani: kuvimba kwa kula kamba au pweza si mzio wa iodini. Semeni, lakini msiikatae iodini kwa sababu hiyo.

Kitu kingine, jicho. Kabla hawajaweka tone la kupanua, mzee aulizwe ni jicho gani, nawe uwe umesikia. Watie alama ya kalamu juu ya nyusi ya kulia. Matone yakiingia jicho lisilo lake, hilo ndilo hatua ya kwanza ya kupasua upande usio wenyewe.

---

MwanaMvita

Salaam aleikum. Naongeza moja kwa walio katika kufunga. Kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, tone la jicho halifunguzi, kama wanja usivyofunguza, kwani jicho halihesabiwi kuwa ni njia ya kufikia tumboni. Kwa Malik ikifika kooni ni jambo jingine. Mwenye wasiwasi abonyeze kile kipembe cha jicho kama Sista alivyoeleza, na ateme akihisi uchungu kooni. Na dozi 4 zinaweza kupangwa daku, adhuhuri, magharibi na baada ya tarawehe, hapo umemaliza.

---

Sista_wa_Macho

Shukran MwanaMvita, ratiba hiyo inatosha.

Nimesahau kope. Wiki hii, dada, mwangalie mzee kila asubuhi. Kingo za kope zikiwa nyekundu, zina magamba kama mba au tongotongo linaganda, upasuaji utaahirishwa, kwa hiyo bora mjue leo kuliko Jumatano. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa dakika 5 hadi 10, kisha mfute kingo kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa na matone machache ya shampuu ya watoto, kutoka kona ya pua kwenda nje, pamba moja kwa kila jicho. Mara 2 kwa siku. Fanyeni kabla ya matone, si baada yake.

Halafu bonyeza ile kona ya pua kabla ya kuweka dawa yoyote, uangalie. Ikitoka usaha au ute mzito, mfuko wa machozi una maambukizi, na hapo matone ya siku 3 hayatoshi. Mpeleke kliniki. Jicho halifunguliwi hapo mpaka mfuko huo utibiwe, saa nyingine kwa upasuaji wake mdogo.

---

mfamasia_Ubungo

Na kabla mtu hajauliza: hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho. Yanauzwa kwenye WhatsApp kwa bei ya kutisha. Lenzi imeshaharibika, protini zake zimeganda, na tone la kwenye kope haliigeuzi. Kibaya zaidi mtu anasubiri miezi sita akitumia, mtoto anakomaa, lenzi inavimba na presha ya jicho inapanda. Asali, maziwa ya mama, utomvu wa majani, mkojo, vyote hivyo vinaleta kidonda kwenye kioo, na kidonda hicho kikipona kinaacha kovu ambalo lenzi mpya haisaidii chochote. Matone ya ganzi nayo yasiuzwe kwenda nyumbani, hata mtu akilia maumivu. Yanazuia kioo kupona, na mtu hahisi kinavyoharibika.

---

Koba_Iringa

Daktari, mimi namhudumia mama ambaye bado hajapimwa lenzi ya kuwekewa wakati wa upasuaji, yuko foleni ya mwezi ujao. Kuna matone ya kuacha kabla ya kipimo?

---

Daktari_Lenzi

Kipimo cha lenzi kinasoma mbonyeo wa kioo cha jicho na urefu wa jicho, kisha wanakokotoa nguvu ya lenzi ya kuweka. Kioo kikiwa kikavu au kimechubuka, namba zinadanganya, na anatoka na lenzi isiyomfaa. Kama macho yanawasha na kuhisi mchanga, aanze machozi ya bandia mara 4 kwa siku wiki kadhaa kabla ya kipimo, tena yasiyo na dawa ya kuhifadhi kama atayatumia mara nyingi. Lakini siku yenyewe asiweke tone lolote saa chache kabla ya mashine, utando wa dawa nao unapotosha.

Anayevaa lenzi za kuvaa machoni, laini azivue angalau wiki 1 hadi 2, ngumu muda mrefu zaidi. Anayetumia pilokapini aiseme: inakaza mboni, na daktari ndiye atakayemwambia aiache lini na aweke nini badala yake. Dawa nyingine za glakoma zinaendelea. Wapo wanaosimamisha latanoprosti kwa kuogopa uvimbe wa retina na wapo wanaoiendeleza; mwenye kuamua ni aliyeshika faili la mama, si sisi hapa.

Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) awe na kipimo cha damu cha karibuni mkononi. Aspirini na warfarini kwa kawaida haziachwi kwa upasuaji huu, na kuziacha mwenyewe ni kujitafutia kiharusi.

---

binti_Kilosa

Nimepiga, wameandika tamsulosini kwenye faili na wamesema daktari mwenyewe ataandaa vifaa. Swali la mwisho kabisa: baada ya upasuaji hizi chupa tunaendelea nazo?

---

Sista_wa_Macho

Za glakoma jicho la kushoto linaendelea bila kukosa hata siku moja. Jicho la kulia mtaambiwa siku wanapofungua bandeji, usibahatishe. Moksifloksasini na ketorolaki ombeni chupa mpya, zile za kabla zimeshafunguliwa nyumbani na jicho sasa lina kidonda. Mkibakiwa na hela ya chupa moja tu, iwe ya antibiotiki. Wataongeza prednisoloni 1%, hiyo nayo ni ya kutikiswa sana, mara 20 hivi, na dozi inapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kama 4. Kwa kuwa ana glakoma mwombe wampime presha ya jicho wiki ya kwanza na tena kabla ya kumaliza. Kope zivutwe taratibu zaidi kuliko sasa, na usibonyeze jicho lenyewe. Bonyeza mfupa wa pua tu.

Akianza kuumwa zaidi badala ya kupungua, au uoni ukashuka, au jicho likawa jekundu zaidi ndani ya wiki ya kwanza, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili.